Habari za Mumiani

Katika nchi ya Uajemi, upande wa Fars, karibu na mji wa Darab, palikuwa na pango ambalo ndani yake ilichuruzika lami nyeusi, nzito, yenye kunata, na waandishi wa jiografia wa zama za Kiislamu wamesimulia kwamba pango hilo lililindwa kwa amri ya watawala, kwa kuwa lami ile ilikuwa dawa, na dawa yenyewe ilikuwa haba. Matabibu waliitakidi kuwa huunga mfupa uliovunjika, hutuliza maumivu ya ndani, na humfaa mtu aliyeanguka kutoka mahali pa juu. Waliiita mumiya. Ibn al-Baytar, tabibu wa Andalus aliyefariki Damascus mwaka 1248, aliitaja katika kitabu chake cha dawa, na kabla yake na baada yake maulamaa wengi wa elimu ya tiba walifanya vivyo hivyo.

Lakini dawa ikiwa haba na wagonjwa wakiwa wengi, watu hutafuta badala yake, na badala ya lami ya Uajemi ilipatikana Misri, makaburini. Maiti za watu wa kale, zilizohifadhiwa kwa mafuta na utomvu kwa muda wa maelfu ya miaka, zilikuwa na kitu cheusi kilichoganda ndani ya vichwa na matumbo yake, na kitu hicho, kwa sura na kwa harufu, kilishabihiana na mumiya. Abd al-Latif al-Baghdadi, tabibu na msafiri aliyekaa Misri karibu na mwaka 1200, ameandika kwamba wenyeji walikileta mjini na kukiuza kwa bei duni, na kwamba yeye mwenyewe alinunua vichwa vitatu vilivyojaa kitu hicho kwa nusu dirhamu. Kutoka Misri biashara ile ikavuka kwenda Ulaya, na kwa karne kadhaa wauza dawa wa huko walisaga maiti za Wamisri, wakaziuza kwa wakia, na waungwana wa Ufaransa na Uingereza wakazinywa kwa imani kamili. Mwaka 1582 Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa, alitunga risala nzima ya kuikataa dawa hiyo. Hata hivyo iliendelea kuuzwa muda mrefu baada yake.

Nimeanza mbali hivi kwa makusudi. Inapotajwa mumiani leo, msomi wa mjini hutabasamu, akidhani kuwa fikra ya dawa inayotengenezwa kwa mwili wa binadamu ni ndoto iliyozuka katika vichwa vya washamba wa Afrika Mashariki. Haikuwa ndoto. Ilikuwa bidhaa, yenye bei na mizani, na walioila walikuwa Wazungu.

Mumiya, ambayo kwetu iliitwa mumiani, ilifika pwani yetu kwa majahazi, pamoja na tende, mazulia na vyombo vya udongo, katika ile safari ya kaskazi iliyowaleta wafanyabiashara wa Ghuba na wa Bara Hindi Unguja, Mombasa, Lamu na Kilwa. Iliuzwa na wauza dawa, ikapakwa kwa nje penye mvunjiko, au ikayeyushwa katika samli na kunywewa. Waarabu waliitumia, Wahindi waliitumia, Waswahili waliitumia. Na wakati huo huo watu walinong'onezana juu ya asili yake. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kukaa Rabai miaka kadhaa, aliliandika neno mumiani katika kamusi yake ya Kiswahili, iliyochapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Naye akaeleza kwamba kwa dhana ya wenyeji ni dawa ambayo Wazungu huitengeneza kwa damu ya mtu.

Tarehe hiyo inastahili kuangaliwa sana. Mwaka 1882 mkutano wa Berlin ulikuwa haujakaa, Waingereza hawajaweka utawala wa kudumu Mombasa, na Wajerumani hawajatia mguu Bagamoyo kwa nia ya kutawala. Wazungu waliokuwako walikuwa wamisionari wachache, mabalozi, wasafiri na wafanyabiashara. Wale wanaosema kwamba mumiani ni hadithi iliyozaliwa na ukoloni, basi, wamekosea hesabu: hadithi ilitangulia, ukoloni ukaja kuikuta inangoja. Kilichokuwako kabla ya ukoloni, na ambacho kila mtu wa pwani na wa bara alikijua kwa macho yake, ni biashara ya utumwa, ambayo soko lake la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu. Ilikuwa biashara iliyochukua watu na isiyowarudisha. Mama aliyenyang'anywa mwanawe njiani Ugogo au Umanyema hakujua mwana yule alipelekwa wapi, wala alifanywa nini ng'ambo ya maji, na akili yake, kama akili ya mama yeyote, ilijaza pengo hilo kwa jambo lililo baya kuliko yote. Watu waliokwisha kuona mwanadamu akipimwa, akikaguliwa meno na kutiwa bei, hawakuwa na safari ndefu hata kuamini kwamba mwanadamu aweza pia kukamuliwa.

Bara Hindi nako habari hizo zilikuwa zimeenea. William Crooke, aliyekuwa hakimu katika serikali ya Waingereza huko, alitoa mwaka 1896 kitabu juu ya dini na mila za watu wa Hindi ya Kaskazini, na humo akaeleza hofu ya momiai: kwamba yupo bwana mkubwa mwenye ruhusa ya serikali ya kuwakamata watoto na kuwaning'iniza kichwa chini juu ya moto, ili mafuta yao yatoke na kufanywa dawa. Mwaka ule ule wa 1896 ndipo ilipoanza kujengwa reli ya kutoka Mombasa kwenda ziwani, na kwa kazi hiyo waliletwa kutoka Hindi vibarua zaidi ya 30,000. Mimi sioni ajabu kwamba hofu mbili zilizo dada, moja ya pwani na nyingine ya Hindi, zilikutana katika kambi za reli na kutiana nguvu. Vibarua wa Hindi na wa Afrika walifanya kazi pamoja, wakaugua pamoja, na wakaliwa na simba wale wale wa Tsavo.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia hadithi ikaacha pwani na kupanda bara, na popote ilipotua ilipata jina jipya. Nairobi na Kampala walisema wazimamoto au bazimamoto. Sehemu nyingi za Tanganyika walisema chinjachinja au mchinjachinja, ingawa jina la mumiani halikufa. Rhodesia ya Kaskazini walisema banyama. Na Katanga, katika miji ya migodi ya shaba, walisema batumbula, na huko ilisemwa kwamba waliokamatwa hunoneshwa na kuliwa. Mwenendo wake haukubadilika sana. Usiku, mtu apitaye peke yake hukamatwa na watu walioajiriwa na Wazungu, nao aghalabu ni Waafrika wenzake. Hutiwa katika motokaa, au hutumbukizwa katika shimo lililochimbwa ndani ya nyumba. Hupewa kitu kinachomzima akili. Kisha damu yake hutolewa kwa sindano, kwa mrija au kwa kisu, ikachukuliwa isikojulikana. Nairobi walisimulia juu ya nyumba za makahaba, ambako mgeni aliketi juu ya kiti au mkeka, na chini ya mkeka ule palikuwa na shimo. Katika hadithi hizo kuna mshahara, kuna zamu, kuna nyapara, kuna siri za kazi ambazo mfanyakazi hathubutu kumwambia hata mkewe. Ni hadithi za kutisha zenye mpangilio wa ofisi.

Mtu atauliza, kwa nini wazima moto? Gari la zimamoto lilikuwa jekundu, lilikuwa na mipira mirefu na ndoo, lilikwenda mbio kwa kengele, na watu wake walivaa mavazi yasiyovaliwa na askari yeyote mwingine; tena katika miji mingi ya wakati ule watu walilisikia zaidi kuliko walivyoliona likizima moto wowote katika mitaa yao, kwa sababu mitaa ya Waafrika iliungua bila ya kuzimwa. Idara yenye mali, magari na watumishi, isiyofanya kazi yoyote ionekanayo na raia, ni lazima ina kazi nyingine. Hivyo ndivyo walivyofikiri, na sioni upungufu wa akili katika fikra hiyo. Aliyewanyima habari ndiye aliyewaachia kazi ya kukisia.

Lakini moto ni upande mmoja tu, na upande ulio mzito zaidi ni tiba. Mwanzoni mwa karne ya 20 maradhi ya malale yalishuka juu ya Busoga na Buganda, na katika kipindi cha miaka michache yakaua watu wanaokisiwa kuwa zaidi ya 200,000. Waganga wa Kizungu walikuja Entebbe kutafuta asili yake, na mwaka 1903 Aldo Castellani aliviona vijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, maji yaliyopatikana kwa kudunga sindano ndefu mgongoni mwa watu waliokuwa mahututi. Mwaka 1906 Robert Koch, mganga mashuhuri kuliko wote wa Ujerumani, aliweka kambi katika visiwa vya Sese na kuwadunga wagonjwa dawa iitwayo atoksili, na baadhi yao wakapofuka. Wakati huo huo serikali ya Uganda iliwahamisha watu wa ufukoni na visiwani kwa nguvu, wakaacha mashamba, mitumbwi na makaburi ya wazee wao, ili mbung'o wasipate wa kumuuma. Serikali ilikuwa na hoja zake, na nyingine zilikuwa za kweli. Walakini mtu wa Sese alichokiona ni hiki: wageni weupe wamekuja, wamechukua maji ya migongo na damu ya vidole, wengine wametoka vipofu, na mwisho wa yote nchi imekuwa tupu. Ukimtaka mtu huyo asimulie miaka hiyo kwa maneno yake, atatumia maneno gani?

Na jambo la kushangaza, ambalo wanahistoria wa tiba wamelisema lakini halijulikani sana mitaani, ni kwamba watu hao hao hawakuichukia sindano. Katika miaka ya 1920, dawa ya buba ilipoanza kudungwa katika Tanganyika na nchi jirani, watu walimiminika kwa maelfu, wakatembea mwendo wa siku nyingi, wakalala nje ya zahanati wakingoja zamu zao, kwa sababu kidonda cha buba kilikauka mbele ya macho yao. Kwa mtazamo wangu hapo ndipo penye ufunguo wa jambo lote. Sindano iliyotia dawa ilipendwa. Sindano iliyotoa damu iliogopwa. Ya kwanza matunda yake yalibaki kwa mgonjwa, na ya pili matunda yake yalikwenda ndani ya chupa, chupa ikaenda ndani ya sanduku, sanduku likaenda maabara ya mbali, na hakuna aliyerudi kumwambia mwenye damu ilionekana nini ndani yake. Hofu ile haikuwa ya kijinga wala ya jumla. Ilichagua, ikapambanua kati ya kutoa na kupokea, na upambanuzi wake ulikuwa mwembamba kuliko ule wa maafisa waliokuwa wakiandika taarifa juu yake.

Maafisa wenyewe walifanya nini? Kwa kawaida walicheka, na pale vicheko vilipokoma, walipiga marufuku na kufungua majalada. Kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, ambayo imeendelea kutumika katika shule na maktaba zetu, ina maelezo marefu juu ya mumiani, marefu kuliko yale ya maneno mengi yaliyo muhimu zaidi. Yanasema kwamba ni kitu cheusi kama utomvu kitokacho Uajemi, kwamba wenyeji wengi huamini kuwa ni damu ya watu waliouawa, na kwamba uvumi ukianza mjini watu hujawa na hofu na hutoka kwa nadra baada ya magharibi. Ni maelezo ya mtu aliyesikiliza kwa makini, naye anastahili shukrani. Wengine hawakusikiliza. Kwao mumiani ilikuwa dalili ya akili changa, kitu kitakachoondoka kwa shule na barabara, na hawakutambua kwamba ilisafiri kwa barabara hizo hizo, na kwamba wasimulizi wake hodari walikuwa madereva, matarishi, askari polisi na watu wengine wa mishahara, watu walioijua serikali kwa karibu.

Mara nyingine hofu iligeuka mikono na mawe. Mwaka 1959, Tanganyika ikiwa imebakiza miaka miwili tu kupata uhuru wake, ghasia ya mumiani ilizuka katika mtaa wa Buguruni, Dar es Salaam, na mwanahistoria James Brennan ameiandikia makala iliyotoka mwaka 2008, akiitazama si kama kioja bali kama tukio la mji lenye sababu zake, mahali pake na watu wake. Buguruni ya wakati huo ilikuwa pembezoni mwa mji, yenye wageni wengi wa kutoka mashamba ya Uzaramo na mikoa mingine, chini ya polisi waliokuja usiku kutafuta kodi na pombe ya haramu. Gari la serikali likisimama mahali kama hapo baada ya magharibi, haliwi gari tu.

Ikadhaniwa kwamba uhuru utaizika hadithi hiyo, kwa kuwa wenye magari sasa ni wenyewe. Haikuzikwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani mmoja, William Arens, alikwenda Mto wa Mbu, kaskazini mwa Tanzania, kufanya utafiti wa elimu ya jamii na mila, na baada ya muda akagundua kwamba majirani zake walimdhania kuwa mchinjachinja. Walimweleza baadaye, kwa urafiki, jinsi kazi hiyo inavyofanywa, na kwamba damu hatimaye hufanywa vidonge vyekundu ambavyo Wazungu hulazimika kuvimeza ili waweze kuishi katika Afrika. Arens aliporejea kwao aliandika kitabu, kilichotoka mwaka 1979, chenye kuhoji ushahidi wote wa wale waliodai kuwa mataifa fulani ya ulimwengu hula watu, na akaanza kwa kisa hicho cha Mto wa Mbu. Wazungu kwa karne nyingi waliandika kwamba Waafrika hula watu, bila ya kuona. Na Waafrika kumbe walikuwa wakisema neno lile lile juu ya Wazungu, nao bila ya kuona. Kitabu chake kilipingwa sana na wenzake, na katika mengine walikuwa na haki ya kumpinga. Lakini kuhusu jambo hilo la pande mbili kutazamana kwa hofu moja, sijapata kusoma aliyelieleza vizuri zaidi.

Utafiti wenyewe wa mumiani ulichelewa kuja, na ulipokuja ulikuja kutoka pande mbalimbali. Rik Ceyssens aliandika mwaka 1975 juu ya mutumbula wa Kongo, akaiona hadithi hiyo kuwa ni hekaya ya wanyonge. Peter Pels, Mholanzi aliyefanya kazi Uluguru, aliandika mwaka 1992 juu ya mumiani na njia ulizopitia uvumi huo baina ya Bahari ya Hindi na bara. Na mwaka 2000 Luise White, Mmarekani, alitoa kitabu kikubwa kuliko vyote vya somo hili, matokeo ya mazungumzo aliyoyafanya na wazee wa Nairobi, wa Siaya na wa Uganda pamoja na kusoma majalada ya serikali za kikoloni na za misheni. Hoja yake, kwa kifupi, ni kwamba uvumi ni ushahidi kama ushahidi mwingine. Tusimwulize mzee kama ilikuwa kweli kwamba damu ilitolewa. Tutazame ni mambo gani aliyoyaweka ndani ya kisa chake ili kisadikike: gari la namna gani, mshahara kiasi gani, nani alikuwa msimamizi, mlango ulifungwa kwa nini. Kwa kuwa msimulizi anayetaka kuaminiwa hujenga kisa chake kwa vitu ambavyo wasikilizaji wake wanavijua, kisa cha uongo huweza kuhifadhi picha ya kweli ya maisha, na mara nyingi picha ambayo hati za serikali hazina.

White amekataa pia tafsiri nyepesi iliyopendwa kabla yake, kwamba kunyonya damu ni fumbo tu la kunyonya jasho. Tafsiri hiyo inavutia, na katika siasa za miaka ya 1960 na 1970 ilitusaidia sana. Kila mtoto wa shule Tanzania alimjua mnyonyaji na kupe. Lakini wazee waliosimulia habari za wazimamoto hawakuwa wakitunga mafumbo. Walipotaka kulalamikia mshahara mdogo, walilalamikia mshahara mdogo, kwa maneno yaliyo wazi, na kwa migomo: wapagazi wa bandari ya Mombasa na ya Dar es Salaam waligoma mara kadhaa katika miaka ya 1930 na 1940. Waliposema damu, walikusudia damu. Kuwageuzia maneno yao kuwa fumbo, hata kwa nia njema, ni namna nyingine ya kutowasikiliza.

Nami nakubali hoja hiyo, kisha nasimama penye kikomo chake. Ulimwengu una hadithi nyingi za jinsi hii, na nyingine hazina nasaba yoyote na ya kwetu. Katika milima ya Peru, Cristóbal de Molina, kasisi wa Kihispania, aliandika katika miaka ya 1570 kwamba wenyeji waliogopa Wahispania wanaotafuta mafuta ya mwili wa mtu ili kutibia maradhi ya kwao. Na hofu hiyo, chini ya jina la pishtako, imeishi huko hata leo. Msomi akiziweka Peru, Hindi na Afrika Mashariki juu ya meza moja hupata furaha ya elimu, na furaha hiyo ina hatari yake. Mtu hufikia kuupenda uvumi. Huanza kuuona kuwa ni sauti ya wanyonge, hekima iliyofichika, historia iliyoandikwa na wasio na kalamu, na yote hayo ni kweli kwa sehemu. Kisha husahau kwamba uvumi nao una mikono.

Malawi, mwishoni mwa mwaka 2002, wakati wa njaa, watu walivumisha kwamba serikali inabadilishana damu ya raia kwa chakula cha mashirika ya kigeni, hata rais Bakili Muluzi akalazimika kukanusha hadharani. Mwaka 2017 uvumi ulirudi katika wilaya za kusini, Mulanje na Phalombe. Vijana walilinda njia usiku, watu kadhaa wakauawa kwa kushukiwa, serikali ikatangaza amri ya kutotoka nje, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya hizo.

Mwaka mmoja kabla ya hapo lilitokea jambo letu wenyewe. Mwanzoni mwa Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma, waliuawa watu watatu: watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, na dereva wao. Walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Wanakijiji waliwadhania kuwa ni wanyonya damu. Mayowe yakapigwa, watu wakakusanyika, na gari likachomwa moto. Hawakuwa Wazungu. Walikuwa Watanzania, watumishi wa serikali yao, wazungumzao Kiswahili, waliokuja kwa ajili ya mashamba ya watu wale wale. Kwa watu hao watatu na jamaa zao, neno kwamba uvumi ni ushahidi wa historia halina faraja yoyote, na mimi sithubutu kulisema mbele yao. Hata hivyo ukilitazama tukio hilo kwa macho ya yule asiyetaka kucheka wala kusamehe, utaona kila kiungo cha kisa cha kale kimesimama mahali pake: gari la wageni, vifaa visivyojulikana, vitu vinavyochukuliwa kutoka kijijini na kutiwa katika mifuko kupelekwa maabara ya mbali, na watu wasiojua vinapelekwa kufanywa nini. Udongo umeshika mahali pa damu. Kati ya Sese ya mwaka 1906 na Chamwino ya mwaka 2016 ni miaka 110, na katika muda huo wote mwenye elimu amebaki na desturi ya kuchukua kwanza na kueleza baadaye, au kutoeleza kabisa.

Sisemi hivyo ili kuwaondolea wauaji dhambi yao. Mtu anayepiga kwa jiwe anajua kwamba anapiga. Nasema kwa sababu juu ya siku ile tunazo habari za magazeti, na polisi na mahakama wanazo kurasa zao, na katika hizo zote wanakijiji wa Iringa Mvumi huonekana ama washitakiwa ama washamba. Kinachokosekana ni yale ambayo White aliyapata kwa wazee wa Siaya na Kampala, na ambayo wazee hao wamekwisha kwenda nayo: maelezo ya watu wenyewe, yaliyoulizwa kwa subira na kuandikwa kwa lugha yao, ya nani alisikia nini kwanza, nani alimwambia nani, kabla ya siku ile kulikuwa na maneno gani kijijini, na ni nani aliyesimama akasema hapana, hawa ni watu wa kilimo, asisikilizwe. Tafiti zote za mumiani nilizozitaja zimeandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, ilhali mazungumzo yaliyomo yalifanywa kwa Kiswahili, Kiganda, Kijaluo na Kiluguru. Idara za Kiswahili na za historia zipo Dodoma kwenyewe, si mbali na Chamwino, na waliosikia yale mayowe wengi wao wangali hai.